Chombo kikienda mrama: kuyumba kupi ni kwa kawaida na kupi ni kwa hatari

Siku hizi neno "mrama" linasikika nchi kavu kuliko baharini. Mazungumzo yamekwenda mrama, biashara imekwenda mrama, ndoa imekwenda mrama: maana yake mambo yameharibika. Kwa mabaharia wa pwani, waliokuwa na neno hilo kwanza, mrama ni mwendo tu. Chombo kinalalia upande huu, kinarudi, kinalalia upande wa pili, kinarudi tena. Hakuna chombo kinachoelea kisichoyumba, hata kile kilichofungwa gatini huyumba kidogo boti nyingine ikipita karibu.

Mkanganyiko hutokea panapotokea ajali ya kivuko. Mitandaoni husemwa kwamba chombo "kilianza kuyumba, kikazama", kana kwamba kuyumba kwenyewe ndiko kulikokizamisha. Na abiria waliopanda vyombo tofauti hulinganisha: kile kinachorusha watu huku na huku kwa haraka ni kibovu, na kile kinachoyumba polepole, kwa ulaini, ndicho imara. Imani hii ya pili iko kinyume kabisa na ukweli. Inafaa irekebishwe, kwa sababu ule mwendo wa taratibu unaowafanya watu wasinzie huenda ndiyo dalili pekee ambayo abiria anaweza kuiona kwa macho yake kabla chombo hakijapinduka.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili kinaitenganisha mienendo hii vizuri. Tawi la mti hunesa. Taa iliyotundikwa darini huning'inia, na ikiguswa hupembea. Mlevi hupepesuka. Chombo huyumba, na kikiyumba tena na tena ndipo husemwa kinakwenda mrama. Omo, yaani mbele ya chombo, ikipanda huku tezi, yaani nyuma, ikishuka, kisha kinyume chake, huo ni mwendo mwingine. Huwachafua abiria tumbo, lakini si rahisi upindue meli, kwa kuwa meli ni ndefu mara kadhaa kuliko ilivyo pana. Hapa tunazungumzia mwendo wa ubavu kwa ubavu.

Kuna na hali ambayo haistahili kuitwa kuyumba: chombo kulala upande. Kinachoyumba hurudi wima na kupita hadi upande wa pili kwa kiasi kilekile. Kilicholala upande hubaki kimeinama hata maji yakiwa shwari, kwa sababu mzigo umekaa vibaya au maji yameingia upande mmoja. Chombo kinaweza kufanya yote mawili kwa pamoja: kimelala digrii tano kushoto, na kinayumba kuanzia hapo. Hicho kimebakiwa na nafasi ndogo upande wa kushoto kabla maji hayajafika kwenye sitaha.

Sasa, kwa nini chombo kiinamapo kinarudi? Nguvu mbili zinahusika. Uzito wote, pamoja na mzigo na watu, huvuta chini kupitia nukta moja, kitovu cha uzito. Maji nayo husukuma juu kupitia katikati ya ile sehemu ya chombo iliyozama. Chombo kikiwa wima, nguvu hizo ziko kwenye mstari mmoja. Kikiinamia kulia, ubavu wa kulia huzama zaidi, na msukumo wa maji huhamia kulia pamoja nao. Kitovu cha uzito hakihami, maana mzigo haukusogea. Kwa hiyo maji yanainua kwa upande wa kulia, uzito unavuta chini karibu na katikati, na jozi hiyo hukigeuza chombo kurudi wima.

Mfaransa Pierre Bouguer aliliweka jambo hili kwenye hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1746. Alichora mstari wa msukumo wa maji chombo kikiwa kimeinama kidogo, akaona mahali unapokatiza mstari wa katikati wa chombo. Nukta hiyo aliita metasenta. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya metasenta, chombo hurudi. Kikipanda juu yake, chombo hakirudi. Umbali kati ya nukta hizo mbili huitwa kimo cha metasenta, na ni namba ambayo nahodha wa meli ya abiria anapaswa kuijua kabla ya kung'oa nanga. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, haziruhusu kipungue sentimita 15, na hicho ni kiwango cha chini kabisa.

Fikiria bembea ya watoto. Kila bembea ina muda wake wa kwenda na kurudi, na muda huo haubadiliki sana uisukume kwa nguvu au kidogo. Unaamuliwa na urefu wa kamba. Chombo nacho kina muda wake wa kuyumba, nao unaamuliwa na upana wake na kimo cha metasenta. Makadirio yanayotumika melini ni mepesi: chukua upana wa chombo kwa mita, zidisha kwa 0.8, kisha gawanya kwa kipeuo cha pili cha kimo hicho. Unapata sekunde za kuyumba mara moja, kwenda na kurudi.

Tuchukue kivuko kimoja cha mfano na tubaki nacho hadi mwisho: upana mita 8, uzito pamoja na mzigo tani 150, kimo cha metasenta mita 0.6. Kitayumba kwa sekunde 8 na ushei. Kimo kikishuka hadi 0.3, muda unafika karibu sekunde 12. Kikishuka hadi 0.15, unapita sekunde 16. Kadiri nguvu ya kukirudisha inavyopungua, ndivyo kinavyoyumba polepole. Chombo kile kile, maji yale yale. Aliyeketi ndani atasema leo safari ni laini.

Dalili iliyo wazi zaidi iko mwishoni mwa kila kuinama. Chombo chenye nguvu kikifika mwisho hugeuka mara moja, kwa mshtuko kidogo. Chombo dhaifu hufika mwisho kikakawia, kikatulia kana kwamba kinafikiri, ndipo kikaanza kurudi. Kukawia huko kukizidi, kimo cha metasenta kinakaribia sifuri.

Mfano mashuhuri kuliko yote ni wa meli ya kivita ya Sweden, Vasa. Mwaka 1628, kabla haijasafiri, watu 30 waliamriwa kukimbia sitahani kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, huku na huku, ili ionekane inavyoyumba. Walipokimbia mara tatu tu jaribio likasimamishwa, kwa hofu kwamba meli ingepinduka palepale ilipofungwa. Haikubadilishwa kitu. Tarehe 10 Agosti ilitoka bandarini Stockholm, ikaenda umbali wa mita 1,300 hivi, upepo mdogo ukailaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama. Chini kabisa ilikuwa na mawe ya tani 120 hivi, ila juu ilikuwa nzito mno.

Mawe hayo ndiyo yale mabaharia wetu wanayoyaita farumi. Jahazi likiwa tupu, mlingoti, foromali (mti unaoshika tanga) na tanga lenyewe vinabaki kuwa uzito wa juu, na ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, hakuna kitu cha kushindana navyo. Ndiyo maana jahazi lililoshusha shehena hutiwa mawe au mchanga chini kabla ya kurudi safari. Wengi hudhani chombo kitupu ndicho salama kuliko vyote. Kwa kuelea, ni kweli, kina nafasi kubwa kabla ya kuzama. Kwa kuyumba, chombo kitupu chenye mlingoti mrefu kinaweza kuwa dhaifu kuliko kilichopakia mifuko ya saruji chini. Tahadhari iko upande wa pili pia. Farumi ikizidi, chombo kinakuwa kikali, kinajirudisha kwa kishindo, kamba za mzigo zinakatika, na mlingoti unapata dhoruba ambayo haikutoka kwa upepo. Farumi isiyofungiwa vizuri ni mbaya kuliko kutokuwa nayo: mawe yakiteleza upande mmoja, kitovu cha uzito nacho kimehama, na chombo hakina tena sababu ya kurudi.

Turudi kwenye kivuko chetu cha tani 150. Abiria 200, kwa makadirio ya kilo 75 kila mmoja kama kanuni za meli zinavyokadiria, ni tani 15. Waliketi chini. Jua limepungua, wote wakapanda sitaha ya juu, mita 3 zaidi. Tani 15 mara mita 3, gawanya kwa 150: kitovu cha uzito cha chombo chote kimepanda sentimita 30. Kimo cha metasenta kilikuwa 0.6, sasa ni 0.3. Hakuna mzigo ulioongezwa hata kilo moja, na nguvu ya kukirudisha chombo imepungua nusu.

Kisha gati likaonekana. Abiria 100 wakasogea mita 2 kuelekea ubavu wa kushukia. Kama wangekuwa wamebaki chini, chombo kingeinama digrii 9 au 10, kiwango ambacho kanuni za IMO zinakitaja kuwa ndio mwisho kwa abiria kurundikana upande mmoja. Kwa kuwa wako juu, kinainama digrii 18. Kwenye kivuko chenye sitaha iliyo karibu na maji, digrii 18 zinatosha ukingo kuzama, na ukingo ukizama upana wa chombo majini unapungua, metasenta inashuka, na kuanzia hapo kila kitu kinakwenda upande mmoja.

Kwa hiyo saa mbaya ya safari si lazima iwe katikati ya maji makuu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria kikiwa na abiria zaidi ya mara mbili ya hao. Watu zaidi ya 220 walikufa. Taarifa za siku zile zilieleza abiria waliosogea upande mmoja kujiandaa kushuka. Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu sana na nchi kavu, wakafa watu 272. Katika ajali zote mbili watu walikuwa wanaiona nchi kavu mbele yao.

Kitu kingine kinachokula nguvu ya chombo ni maji yanayocheza ndani. Wengi hufikiri tatizo la maji ngamani ni uzito wake. Uzito wake, ukiwa chini, ungeweza hata kusaidia kama farumi. Tatizo ni kwamba maji hayatulii: chombo kikiinamia kulia, nayo yanakimbilia kulia, yanafanya kazi ya wale abiria 100, tena kwa kila kuyumba. Kwenye kivuko chetu, ngama yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 4 ikiwa na maji nusu, inapunguza kimo cha metasenta kwa sentimita 36. Abiria wakiwa juu tulibakiwa na 30. Hesabu imeshafika chini ya sifuri. Dawa yake mafundi wanaijua: ngama igawanywe katikati kwa ukuta wa urefu, na hasara inashuka hadi sentimita 9, robo tu, kwa kiasi kilekile cha maji. Upana wa maji ndio unaodhuru kuliko wingi wake.

Ndiyo sababu sitaha ya magari, iliyo wazi kutoka ubavu hadi ubavu, ndiyo mahali pa hatari zaidi kuingia maji. Meli ya Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987 milango ya omo ikiwa wazi. Maji yalitanda sitaha ya magari, meli ikalala ubavu dakika chache tu baada ya kutoka bandarini, na watu 193 wakafa. Mabaharia wa mashua wanaofua maji mapema, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, hata yakiwa ya kina cha kiganja, wanafanya jambo la maana kuliko linavyoonekana.

Ngalawa imelitatua tatizo hili kwa njia ambayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Mwili wake ni gogo lililochimbwa, mara nyingi la mwembe, jembamba na la mviringo chini. Liweke majini peke yake, utie mlingoti, litapinduka. Basi miti miwili hulazwa kukatiza mwili, ikatokeza mbali pande zote mbili, na kwenye ncha zake hufungwa mbao mbili ndefu za kuelea. Wengine huziita ndubi, wengine matengo. Upepo unapoilaza ngalawa, ubao wa upande ule unasukumwa ndani ya maji, na maji yanausukuma juu, mbali kabisa na katikati. Chombo chembamba kimepata nguvu ya chombo kipana bila uzito wake. Kasoro yake iko kwenye vifungo: kamba ikilegea, ubao unageuka na kuanza kuchimba maji badala ya kuyapanda, na kwa mwendo wa kasi ngalawa hupinduka kwa kuuzunguka huo huo ubao.

Boti nyingi ziendazo kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja zina miili miwili sambamba, na kanuni ni hiyohiyo. Kimo chao cha metasenta ni kikubwa sana, kwa hiyo zinayumba kwa mikatomikato ya haraka isiyompa abiria raha. Watu hutapika, hulalamika kwamba boti ni mbovu. Kutapika kunatokana na sikio la ndani kuhisi mwendo ambao macho hayauoni. Keti sehemu ya chini, katikati ya urefu wa boti, tazama upeo wa bahari. Mwendo huo mkali wenyewe ni ushahidi kwamba boti inarudi kwa nguvu.

Mawimbi nayo yana sehemu yake. Bembea ukiisukuma ovyo haiendi mbali; ukiisukuma kidogo kidogo kila inapokurudia, inapanda juu. Mawimbi yanayopiga ubavu kwa muda ulio sawa na muda wa chombo hufanya hivyo hivyo, hata yakiwa madogo. Nahodha akiona kila kuyumba kunazidi kulikotangulia, huwa hasubiri. Hubadili mwelekeo ili omo ikabili mawimbi kwa mshazari, au hubadili mwendo, na muda wa kupigwa unaachana na muda wa chombo. Abiria huona meli "imepotea njia" wakaanza kunung'unika, kumbe hapo ndipo ilipookolewa. Tanga nalo husaidia: jahazi lililojaza upepo huinama upande mmoja lakini huyumba kidogo kuliko boti ya injini isiyo na tanga, kwa kuwa tanga lenyewe linazuiwa na hewa kila linapotaka kwenda na kurudi.

Kwa anayesafiri, kabla ya kupanda, tazama ubavuni karibu na mstari wa maji. Meli zilizokaguliwa huwa na alama ya Plimsoll, duara lililokatwa na mstari wa mlalo. Mstari ukiwa umezama sana, huenda chombo kimezidisha. Lakini alama hiyo haisemi mzigo umewekwa juu au chini, kwa hiyo tazama na paa: magunia, pikipiki na watu walio juu ndio wanaohesabika zaidi.

Baada ya hapo, hesabu. Fanya hivyo kwenye maji yaliyotulia kiasi, kwa mfano chombo kinapotoka gatini na kuyumbishwa na kitu kingine, maana kwenye mawimbi makubwa utakuwa unapima mawimbi. Subiri ubavu wako ufike chini kabisa, anza kuhesabu, na umalize ukirudi chini tena mara ya tano. Gawanya sekunde kwa tano. Kwa kivuko cha upana wa mita 8, sekunde 6 hadi 8 ni sawa. Sekunde 12 ni za kuulizwa. Kwa boti yenye miili miwili hesabu hii haifai. Inafaa zaidi kwa chombo unachokipanda mara kwa mara, kwa kuwa unalinganisha nacho chenyewe: kikiwa kila juma kinachukua sekunde 8 na leo kinachukua 12, na kinakawia mwisho wa kila kuinama, ama uzito umepanda juu ama kuna maji ndani. Mwambie baharia aliye karibu namba hizo mbili, na kama uko sitaha ya juu, shuka.